Nyuzi Zilizo Chini ya Udongo

Gitaa lako lina nyuzi tano. Ule mwembamba wa kwanza ulikatika wiki tatu zilizopita, na kwa kuwa hujapata pesa za kununua mwingine, umejifunza kuishi bila huo. Sauti zilizokuwa zikikaa pale unazitafuta kwenye uzi wa pili, huko chini karibu na tumbo la gitaa, vidole vimebanana kama abiria wa matatu ya Ijumaa. Nimekuona. Unakaa chini ya mwembe hapa Ganda saa za jioni, bodaboda zikirudi kutoka Malindi mjini na moshi wa jikoni ukianza kupanda juu ya makuti. Mwenzako mmoja ana kayamba, mwingine amegeuza ndoo ya rangi kuwa ngoma. Dada yako husimama mlangoni akiitikia sauti ya pili, akidhani hakuna anayemsikia. Wapita njia wanawasalimia, kisha wanawauliza ni lini mtaacha mchezo mkatafute kazi.

Nawaandikia ninyi wanne. Nataka mkae hapo hapo, na mkae muda mrefu kuliko mnavyodhani. Sisemi hivyo ili kuwafurahisha. Nina ushahidi, na ushahidi wangu hautoki Liverpool wala Kinshasa. Unatoka katika kaunti hii hii ya Kilifi.

Mwaka 1969 ndugu wa familia ya Harrison, watu wa Kaloleni, walianzisha bendi mjini Mombasa. Teddy Kalanda alikuwa kiongozi, na majina ya nduguze ni haya: Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Yasemeni kwa sauti mjue ni majina ya nyumbani. Kalanda, Katana, Kalume: mkiita majina hayo sokoni Ganda leo, watageuka watu kumi. Bendi yao ilikuja kujulikana kwa jina la Them Mushrooms, na baadaye ikajiita kwa Kiswahili, Uyoga.

Ufikirieni wakati wenyewe. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka 6 tu. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa wameanza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, na mwezi Desemba 1970 ilipaa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Hoteli za ufuoni zilikuwa zikiongezeka, na wageni wa Ulaya nao. Redio za betri zilikuwa zikileta Beatles, Santana, Jimi Hendrix na James Brown mpaka kwenye vibaraza vya udongo. Kijana wa Kimijikenda aliyelala usiku akisikia kayamba za mazishini na kuamka asubuhi akisikia gitaa la umeme alikuwa na dunia mbili masikioni, na hakuna mwalimu aliyemwambia azifanyie nini.

Mahali pa kulipatia jibu palikuwa hotelini. Mgeni anakula samaki wake, bendi iko pembeni, inaanza polepole wakati wa chakula, kisha meza zikishaondolewa inachangamka ili watu wacheze. Mwenye hoteli hataki kusikia wimbo wako. Anataka nyimbo ambazo mgeni alizijua kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo bendi za pwani za miaka ya 70 zilipiga kopi usiku baada ya usiku: roki, soul, rumba, na baadaye rege, ambayo Them Mushrooms walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuishika katika nchi hii. Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys waliimba soul kwa Kiingereza mpaka wakawa na mashabiki kote nchini.

Kuna watu wanaodharau kazi hiyo. Husema ni kuiga, ni utumwa, ni kupoteza ujana kwa nyimbo za wenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ninyi pia mnapiga nyimbo za watu na nimesikia mkichekwa.

Anayepiga kopi kwa uaminifu yuko chuoni. Siku hizo hapakuwa na video ya kuonyesha vidole. Ulikuwa na santuri moja, pengine ya kuazima, na sindano ya kuishusha. Unaisikiliza sehemu ya solo, unainua sindano, unajaribu, unakosea, unaishusha tena pale pale. Unajifunza kwamba yule Mmarekani hapigi noti nyingi kama ulivyodhani. Anapiga chache, kisha anauvuta uzi pembeni kwa kidole mpaka noti inalia kama mtu. Unajifunza kwamba besi haijazi kila nafasi, inaiachia ngoma mlango wa kupita. Unajifunza kwamba gitaa la rithimu, ambalo hakuna anayelishangilia, ndilo linalowashika wote wasianguke. Kisha usiku unakwenda kuyapiga hayo yote mbele ya watu, umechoka, nguo imelowa jasho, na ukikosea unasikia mara moja kwamba wachezaji wamepoteza hatua. Hakuna shule ya muziki yenye mtihani mkali kama miguu ya watu wanaocheza.

Na walifanya hivyo kwa pamoja. Nalitilia mkazo hilo kwa sababu leo ndilo linalokosekana. Kijana anajua kuimba, anakwenda kwa prodyuza mwenye kompyuta, anapewa mdundo uliokwisha kupikwa, anaweka sauti yake juu na kurudi nyumbani peke yake. Simlaumu, ni njia rahisi na ina faida zake. Lakini hajawahi kumsikiliza mpiga besi akibadili mawazo katikati ya wimbo na yeye kulazimika kumfuata. Ninyi chini ya mwembe mnao utajiri huo kila jioni, na mnaudhania ni umaskini kwa sababu ngoma yenu ni ndoo.

Sasa turudi kwenye hilo jina, Uyoga. Baada ya mvua kubwa mnaijua furaha ya kuamka na kuukuta umejaa pembeni mwa kichuguu, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kila mtu husema umeota usiku mmoja. Si kweli. Uyoga tunaouchuma ni kama ua tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizotandaa chini ya udongo, zikila, zikijiunga, zikingoja, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kupita hapo na kikapu. Mvua haiumbi uyoga. Inaukuta umeshajiandaa.

Wimbo wa Jambo Bwana, alioutunga Teddy Kalanda, ulitoka mwaka 1982. Ni wimbo mwepesi kabisa. Ulichukua salamu na maneno ya ukarimu ambayo mgeni huyasikia tangu siku ya kwanza akifika pwani, ukayapa sauti ambayo hata mtu asiyejua Kiswahili ataishika kabla ya kahawa yake kupoa. Kufikia mwaka 1987 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala 200,000 hapa Kenya. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililokuwa limeshatikisa Ulaya nzima, walitoa toleo lao. Mombasa Roots waliuimba, Safari Sound Band waliuimba, na hadi leo hakuna hoteli kati ya Diani na Malindi ambako haujaimbwa. Mtu akisikia hivyo husema: walibahatika, wimbo mmoja tu!

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kutoka 1969 hadi 1982 ni miaka 13. Tuseme, kwa mfano tu, bendi inapiga usiku 4 kwa wiki. Hizo ni zaidi ya usiku 2,700. Usiku 2,700 wa kubeba vyombo, wa kukaza nyuzi zilizolegezwa na unyevu wa bahari, wa kuwatazama wageni usoni na kujua ni neno gani la Kiswahili wanalolipenda na lipi linawashinda kutamka. Aliyeutunga wimbo ule alikuwa amewasikia wageni wakisalimiwa kwa miaka. Kilichoonekana ni dakika chache za santuri. Chini yake kulikuwa na nyuzi za miaka 13.

Angalieni pia alichochuma. Baada ya miaka yote ya nyimbo za Kiingereza, kilichovuka bahari kilikuwa Kiswahili cha barazani. Mombasa Roots nao walifanya jambo kama hilo: walichukua chakacha, ngoma ya kina mama harusini, wakaiwekea magitaa na kinanda cha umeme, wakaita Disco Chakacha, na watu wa bara ambao hawajawahi kukanyaga harusi ya pwani wakajikuta wanazungusha viuno. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Bendi hizi ziliuongezea ushahidi ule usemi: aliyekwenda kujifunza kwa watu kisha akarudi kucheza kwao, hutunzwa hata na wa mbali.

Kwa hiyo ile kayamba, mwanangu, usiione aibu. Wewe unayeipiga unajua namna mbegu zinavyomwagika ndani ya matete kwenda kushoto na kurudi kulia, na ule mkwaruzo mdogo wa kidole gumba katikati. Mwambie mwenzako wa gitaa aache kuifunika. Aisikilize, halafu rithimu yake ya mkono wa kulia aijenge juu ya mmwagiko huo. Nimejaribu kuwaza sauti hiyo na nywele zikanisimama. Roki ya Kigiriama haijapata kupigwa hadi mwisho, na ninyi mna kila kinachohitajika isipokuwa uzi mmoja.

Wala msidhani ndugu wa Kaloleni ndio waliokuwa wa kwanza kulibeba gitaa katika nchi hii ya Mijikenda. Kabla yao alikuwapo Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Vita vya Pili vya Dunia vilimchukua hadi Asia, katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa King's African Rifles, na aliporudi akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gitaa la umeme. Nyimbo zake za tangu mwaka 1947 hadi 1956, Tausi ukiwa mmojawapo unaopendwa sana, zina gitaa lililotulia kama maji ya hori la Mida wakati bamvua limejaa. Kisha zikaja enzi nyingine, vijana wakataka kelele nyingine, naye akasahaulika kwa miaka mingi.

Ni nani aliyemtoa katika usahaulifu huo? Them Mushrooms. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa zamani wa hotelini, ambao sasa walikuwa wakubwa wenye jina, walikaa studio na yule mzee, wakazirekodi upya nyimbo zake. Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ikatoa mkusanyiko wa rekodi zake za kale. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, akiwa ameshasikia gitaa lake likirudi hewani. Katika habari zote za bendi hii, mimi naipenda hiyo kuliko hata ya Boney M. Kuna mpiga gitaa mzee karibu nanyi. Yuko, kila kijiji cha pwani kina mmoja, amelaza gitaa juu ya kabati na vidole vimekuwa vigumu. Mwendeeni. Mpigieni hodi, mwamkieni shikamoo, mwombeni awaonyeshe namna alivyokuwa akikaza nyuzi zake. Hatawakataa.

Lakini angalieni ni nini kilichowezesha mzee yule kurudi. Santuri zilikuwapo. Asingekuwa amerekodi, wale vijana wangepata wapi pa kuanzia?

Hapa nina kidonda changu. Nilipokuwa kijana tulikuwa wanne kama ninyi. Tulirekodi nyimbo tatu katika studio moja ndogo, siku nzima, jasho likitutiririka kwa sababu feni ilizimwa kila mara isije ikasikika kwenye kanda. Tulipiga wote kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, na mmoja akikosea tunaanza mwanzo. Tukaambiwa turudi baada ya wiki. Tuliporudi hapakuwa na kanda wala mtu wa kutujibu, na sisi hatukuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba tulifika pale. Mpiga solo wetu ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe ni watu wazima sasa, na mimi siwezi kuwasikilizisha hata sekunde moja ya mikono ya baba yao.

Kwa hiyo nikisema rekodini, siongei kwa nadharia. Simu iliyo mfukoni mwenu leo inanasa sauti ambayo sisi tungeililia. Iwekeni juu ya kigoda, si karibu na ndoo isije ngoma ikameza kila kitu, mkae kwa nusu duara, mwimbaji akiwa karibu zaidi, mpige wimbo wote bila kusimama. Utakuwa na makosa. Uhifadhini hivyo hivyo, mtume nakala kwa mtu mwingine, msiiache ndani ya simu moja inayoweza kutumbukia kisimani.

Na muandike majina. Wimbo wa Malaika unajulikana duniani kote. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka mbali, Boney M hao hao wakautoa mwaka 1981, na hadi leo Afrika Mashariki inabishana ni nani hasa aliyeutunga. Jambo Bwana nao umeimbwa na wengi hata kuna mashabiki wanaoapa kwamba ni wa bendi nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iko upande wenu, lakini ina sharti: muziki hulindwa ukishaandikwa au ukisharekodiwa. Wimbo ulio hewani chini ya mwembe haumlindi mtu. Ukishanaswa, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake watoto wako, na pengine wajukuu, wanaweza kula matunda ya jioni hizi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za wasanii. Kabla hamjafika huko, kubalianeni wenyewe, kwa maandishi, nani alitunga maneno na nani alitunga sauti, mkiwa bado hamna pesa ya kugombania. Urafiki wa bendi nyingi umevunjwa na swali ambalo lingejibiwa kwa dakika tano na kalamu ya shilingi kumi.

Mtaambiwa hoteli si kama zamani. Kweli, zimebadilika. Mtaambiwa harusi zinataka spika na kijana wa kubonyeza kitufe. Basi anzieni pale ambapo hakuna spika: ibada ya asubuhi, arusi ya binamu, sherehe ya shule ya msingi, mkutano wa kina mama wa chama. Pigeni bure mara kumi, mkijua mnajifunza nini kila mara. Mara ya kumi na moja semeni bei, na msione haya kuisema. Mwenye shamba haoni haya kutaja bei ya nazi zake.

Wewe dada unayesimama mlangoni, toka nje. Sauti yako ya pili ndiyo inayofanya wimbo wao usikike kama wimbo. Chukua kigoda ukae kwenye duara, na kama vidole vyako vinakuwasha kila unapolitazama gitaa, lishike. Usingoje kuambiwa.

Mimi nitafika Jumapili alasiri. Uzi wa kwanza nitauleta mimi, na wa akiba juu yake. Ninyi leteni daftari. Nikifika nataka nikute juu ya ukurasa wa kwanza mmeshaandika tarehe, jina la wimbo, na majina yenu wanne, yote kwa ukamilifu.